Kwenda kuwa au pair Ujerumani: maswali tunayoulizwa na wazazi na wanafunzi wa Malindi

Mimi ni mmoja wa walimu wanaofundisha Kijerumani na kuwaandaa vijana wa Malindi, Mambrui na Watamu kwenda kuishi na familia za ugenini. Wengine hutujia kutoka Lamu, wakapanga chumba huku hadi mtihani uishe. Maswali yaliyo hapa ndiyo tunayoulizwa, na mengi hayatoki kwa wanafunzi wenyewe. Hutoka kwa mama zao, kwa shangazi zao, na kwa baba aliyesimama mlangoni akisema hana neno, kisha akakaa saa nzima. Tumejibu kwa masharti ya Ujerumani kwa kuwa ndiko tunakoandaa watu. Masharti hubadilika, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa yoyote soma kwanza maelezo ya ubalozi wa Ujerumani ulioko Nairobi.

Au pair ni nani? Si yaya tu kwa jina la kizungu?

Naelewa swali linakotoka, lakini la. Au pair ni kijana anayekwenda kukaa na familia kwa muda usiopungua miezi sita wala kuzidi mwaka mmoja, ili ajifunze lugha na maisha ya watu wale. Anapewa chumba, chakula na posho, naye anasaidia kulea watoto na kazi ndogondogo za nyumba. Ujerumani kazi hiyo haitakiwi kuzidi saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki, na ndani yake zimo pia saa za kukaa na watoto usiku wazazi wanapotoka. Apate angalau siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, jioni nne zisizo na kazi, na angalau Jumapili moja nzima kila mwezi. Chumba kiwe chake peke yake, kisichopungua mita 8 za mraba, chenye dirisha na mlango unaofungika. Akikaa mwaka mzima ana wiki 4 za likizo, na posho haikatwi.

Kazi ndogondogo ni kama kumpa mtoto staftahi, kumpeleka chekechea, kupasha chakula, kukunja nguo za watoto, kutia vyombo kwenye mashine. Kusafisha nyumba nzima kila Jumamosi, kumuuguza bibi mgonjwa au kulima bustani ya watu si kazi zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lipo, ila jembe hili limepimwa.

Basi tofauti yake na kwenda Saudia ni nini?

Hakuna mtaa wa Malindi usiomjua mtu aliyekwenda Saudia au Qatar. Kuna waliojenga, na kuna waliorudi na mambo wasiyotaka kuyasimulia. Kule mtu huenda kuajiriwa, kwa kawaida kwa mkataba wa miaka miwili, na kibali chake cha kukaa hufungwa kwa mwajiri, utaratibu uliojulikana kwa jina la kafala. Au pair hana mshahara, ana posho. Pasipoti yake hukaa mkononi mwake, na akitaka kuiacha familia ana haki ya kuiacha.

Anayetafuta pesa za kumjengea mama nyumba, njia hii haimfai. Tunalisema hilo siku ya kwanza, na wapo wasiorudi siku ya pili. Afadhali hivyo.

Nisieleweke kwamba nyumba za Ulaya zote zina watu wema. Zipo familia zinazotaka mtumishi wa bei rahisi na kumwita au pair. Ndiyo sababu mwanafunzi wetu haondoki hapa kabla hajazijua saa zake na haki zake kwa moyo, kama anavyoijua Fatiha.

Posho ni kiasi gani, na nani analipa nauli?

Posho ni euro 280 kwa mwezi, kiasi kinachokaribia shilingi elfu arobaini za Kenya. Juu yake, familia huchangia euro 70 kila mwezi kwa darasa la Kijerumani kule, na hulipa bima ya afya, ya ajali, na ya hasara anayoweza kuwasababishia watu wengine. Nauli ya ndege hakuna sharti linaloilazimisha familia kuilipa. Wengine huchangia, wengi humwachia kijana.

Hapa pana mtego ambao sijaona wakala akiutaja. Jamaa wakichanga nauli, wakauza mbuzi, wakakopa kwenye chama, kila mmoja huanza kuhesabu euro za mtoto kabla hajapanda ndege. Kisha yule mtoto, kwa haya, anatuma 200 kati ya 280 na kushinda chumbani kwa kuwa hana nauli ya basi la kwenda darasani. Mwaka unapita na Kijerumani chake ni kile alichotoka nacho Malindi. Zungumzeni jambo hili nyumbani kabla ya safari, tena mbele ya wale waliochanga.

Nani anaweza kwenda?

Awe ametimiza miaka 18, na siku anapoomba viza awe hajafikisha 27. Awe na cheti cha Kijerumani cha A1, yaani kiwango cha kwanza kabisa; juu yake huja A2, B1 na B2. Asiwe amewahi kuwa au pair Ujerumani. Asiwe na udugu na familia anayokwenda: kama shangazi yako ameolewa Hamburg, kwake huendi kwa viza hii. Familia nayo iwe inazungumza Kijerumani nyumbani. Wavulana wanakubaliwa.

Nyinyi ndio mnaotafuta familia?

Hatutafuti. Mtu mmoja akiwa ndiye anayefundisha, ndiye anayetafuta familia, na ndiye anayepokea pesa za safari, ana kila sababu ya kukuambia umeiva kabla hujaiva. Familia hupatikana kupitia tovuti za kukutanisha watu au kwa wakala. Wakala wa Kenya anayepeleka watu kazini nje anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mtu anaweza kuuliza huko kama jina la wakala limo. Kwa wakala wa Ujerumani, angalia kama ana alama ya ubora ya RAL ya au pair. Maana yake amekubali kukaguliwa.

Ada ya viza yenyewe ni euro 75. Anayekudai laki mbili "za ubalozi" anakudai za mfukoni mwake, na anayesema ana mtu wake ndani hana mtu. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin mnamo Septemba 2024, hadithi za nafasi laki mbili na nusu zimeenea hadi vijijini. Makubaliano yale hayana idadi ya nafasi ndani yake, na hayamwondolei mtu sharti la viza.

Mbona mnawafundisha mabinti wetu kuwajibu watu wazima?

Swali hili huulizwa kwa upole, lakini huulizwa kila mara, na ndilo ninalopenda kulijibu kwa kirefu.

Hapa kwetu binti aliyelelewa vizuri humsikiliza mkubwa bila kumkodolea macho. Akitumwa huenda. Akiulizwa kama amechoka husema hajachoka. Akikaribishwa chakula hukataa mara ya kwanza, kwa kuwa anajua atakaribishwa tena, na mwenye nyumba naye anajua kwamba anajua. Adabu hii ni nzuri na hatuigusi. Ila kule hakuna wa kuisoma. Mama wa nyumba akimuuliza kama anataka supu, naye akasema "hapana, asante", supu inaondolewa mezani na binti analala na njaa. Akitazama chini anapozungumzishwa, wanadhani anaficha jambo. Akinyamaza alipoongezewa kazi, wanajua ameridhia, na wiki inayofuata ile nyongeza imeshakuwa desturi. Mara nyingi hapana ubaya uliokusudiwa. Wamezoea tu kwamba mtu asiyetaka atasema.

Kwa hiyo somo linalotuchukua muda mrefu kuliko yote si sarufi, ni kusema. Tunaweka meza. Mwalimu mmoja anakuwa mama wa nyumba, mwanafunzi anakaa upande wa pili. "Ijumaa jioni sisi tunatoka. Utakaa na watoto?" Naye, kwa mujibu wa ratiba iliyo mbele yake, ameshafikisha saa 30. Anatakiwa amtazame, aseme kwa sauti ya kawaida kwamba saa za wiki hii zimetimia, kisha aulize kama jioni nyingine itafaa. Mara ya kwanza karibu wote hucheka, wakaziba mdomo kwa mtandio, wakasema "sawa". Tunarudia. Na tunaanza kwa Kiswahili, maana anayeshindwa kulisema kwa lugha aliyonyonya nayo hatalisema kwa Kijerumani cha A1.

Ukishamfikisha hapo, linabaki jambo gumu zaidi: kulisema mapema. Watu wetu huvumilia. Huvumilia wiki sita, miezi miwili, kisha siku moja wanafunga sanduku na kuondoka wakilia, na familia inabaki imeduwaa kwa sababu haikujua kulikuwa na neno. Tunawaambia waombe kikao cha familia kila wiki, hata cha robo saa, jikoni, wakati watoto wamelala. Kinachosemwa kikiwa kidogo hakihitaji machozi.

Wazazi wengine huhofia kwamba binti atarudi na ulimi mrefu. Heshima si utumwa, na maneno hayo ni ya kwetu, hatukuletewa na Wajerumani. Binti anayeweza kusema "hili siwezi" mezani anaweza pia kulisema kwa mwanamume anayemfuata kwenye kituo cha treni, au kwa baba wa familia hiyohiyo akivuka mpaka. Kina mama hunielewa haraka nikifika hapo. Kina baba huchukua muda kidogo.

Kando ya hayo mnafundisha nini?

Saa, kwanza kabisa. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, wao wanaanza usiku wa manane. Mtoto anayetakiwa kuchukuliwa chekechea saa nane yetu ya mchana, kwao imeandikwa 14.00. Tena nusu saa huihesabu kwa kuielekea saa inayokuja, hata wakitaja nusu na nane wanakusudia 7.30, si 8.30. Mwanafunzi aliyechanganya hayo mawili anaweza kumwacha mtoto wa watu amesimama mlangoni mwa chekechea. Ratiba ya darasa letu imeandikwa kwa saa 24 tangu wiki ya kwanza, na simu zao pia. Kuchelewa dakika kumi, ambako hapa hakuna anayekutazama mara mbili, kule kunahitaji ujumbe wa simu kabla hujachelewa.

Baiskeli. Wavulana wanajua, mabinti wengi hawajui, na familia nyingi kule hupeleka watoto chekechea kwa baiskeli. Mazoezi tunayafanya alfajiri, kabla bodaboda hazijajaa barabarani. Kuogelea ni fedheha yetu watu wa Pwani: bahari iko mlangoni na wengi wetu hatujui kuogelea. Usidanganye katika barua yako kwa familia. Sema hujui, ili usiachiwe mtoto wa miaka minne kando ya bwawa.

Watoto. Tunafundisha kubadili nepi, kumlaza mtoto mchanga chali, huduma ya kwanza, na namba mbili za kukariri: 112 kwa ambulensi na zimamoto, 110 kwa polisi. Tunawahimiza pia wakae na watoto katika chekechea za hapa mjini na waombe barua ya kuthibitisha. Familia huzisoma barua hizo kwa makini kuliko alama za shule.

Mambo ya nyumba hujifunzwa upesi na sipotezi muda mwingi nayo. Taka hutengwa: vifungashio peke yake, karatasi peke yake, mabaki ya chakula peke yake, na rangi za mapipa hutofautiana kidogo mji na mji. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25, hurudishwa dukani kwa mashine. Jumapili maduka mengi hufungwa. Saa nne usiku kelele hukoma. Maji ya mfereji yananyweka.

Mtoto akiwa mtukutu, anaweza kumchapa kidogo tu?

Asimguse. Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa. Kofi, kufinya na hata kumdhalilisha kwa maneno ni marufuku kwa wazazi wenyewe, seuze mgeni. Na kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko, ingawa sote tunajua yanayotendeka.

Lakini kutopiga ndiyo sehemu nyepesi. Mtoto wa miaka mitano atamwita kwa jina lake kavu. Atamwambia "sitaki". Atabishana na babake mezani na babake atamsikiliza hadi mwisho. Kijana aliyezoea kupokea shikamoo za wadogo zake hilo humchoma, na akichomwa hukasirika, na akikasirika mkono huwa karibu. Tunafanya mazoezi: inama hadi macho yenu yalingane, sema jambo moja tu, mpe mambo mawili achague moja. "Utavaa koti jekundu au la buluu?" hufanya kazi kuliko "vaa koti" mara ishirini. Pia muulize mama wa nyumba mapema anataka ufanye nini mtoto akigoma. Kila nyumba ina kanuni zake, na mtoto anazijua kuliko wewe.

Mwanangu ni Muislamu. Chakula, swala, na mbwa je?

Nguruwe ni rahisi: aseme. Ujerumani kuna Waislamu wengi, na familia nyingi zimeshaishi jirani nao au kusoma nao. Shida ni nguruwe aliyejificha: soseji, supu iliyotiwa vipande vya nyama ya nguruwe, peremende za jelatini ambazo watoto humsukumia mdomoni kwa mapenzi. Ajifunze kusoma karatasi ya pakiti. Chakula cha jioni mara nyingi ni mkate, jibini na vitu baridi, na anayetoka kwenye wali wa nazi na samaki wa kupaka atahisi hajala. Abebe iliki, bizari na pilipili manga. Asibebe nyama wala maziwa, forodha ya Ulaya hairuhusu.

Hijabu aonekane nayo kwenye picha za wasifu, na swala azitaje katika mazungumzo ya kwanza. Familia isiyopenda ijitoe mapema, kila mtu abaki na amani. Saumu kwa miaka hii inaangukia mwishoni mwa msimu wa baridi, kwa hiyo urefu wake hauko mbali sana na wa kwetu. Msalani kuna karatasi tu, hakuna maji. Aweke kopo dogo au chupa bafuni na aieleze familia ni ya nini, bila kuona haya. Wakitaka kunywa mvinyo mezani watakunywa, na kama yeye hataki kuwamiminia aseme tangu mwanzo.

Mbwa sasa. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua mate ya mbwa yanavyohesabiwa: kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Na familia nyingi za kule zina mbwa, tena si wa kulinda geti. Hulala sebuleni, humlamba mtoto uso, na mtoto huyo huyo hukurukia shingoni. Jambo hili halisubiriwi mpaka ufike. Katika simu ya kwanza ya video, uliza kama wana mnyama nyumbani. Kama yupo na huwezi, washukuru na utafute familia nyingine. Hakuna aliyekosewa. Wapo waliokwenda kuuliza kwa mashekhe wao na wakapata namna ya kuishi nalo. Hayo ni ya mtu na shekhe wake, mwalimu wa Kijerumani hatoi fatwa.

Mtihani wa A1 ni mgumu?

Kwa aliyesoma si mgumu. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Goethe-Institut, taasisi ya lugha ya Kijerumani inayotoa mtihani huu, hukadiria masomo kati ya 80 na 200 ya dakika 45 ili kufika kiwango hicho. Hufanywa Goethe-Institut Nairobi, katika jengo la Maendeleo House, kwa hiyo weka akiba ya basi na malazi.

Kuzungumza hufanywa kwa kikundi kidogo: unajitambulisha, unataja herufi za jina lako na namba fulani, kisha mnaulizana maswali na kuombana vitu. Watu wetu hujibu vizuri. Huangukia kwenye kuuliza. Binti anangoja mwenzake amalize, anangoja msimamizi amwangalie, anangoja aruhusiwe, na muda unakwisha. Ukiona hivyo utajua kwa nini ile meza yetu haiondoki darasani.

Cheti kisiwe kimezidi mwaka mmoja unapoomba viza. Na A1 inatosha viza, haitoshi kumtuliza mtoto anayelia. Mwenye nafasi asome hadi A2.

Malindi imejaa Waitaliano. Si afadhali Italia?

Waitaliano wako nasi tangu enzi za San Marco, kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, miaka ya 1960, na kuna vijana wa ufukweni wanaozungumza Kiitaliano kuliko Kiingereza. Ni lugha nzuri kuwa nayo, ila haikupi cheti cha Kijerumani, na sisi tunafundisha kile tunachokijua. Anayetaka Italia aulize ubalozi wao masharti ya huko.

Ninachokihofia ni kingine. Mgeni wa hotelini anamwambia binti, "Njoo ukae na familia yangu Milano, utalea watoto," kisha anamtafutia viza ya utalii. Viza ya matembezi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, haizidi siku 90 katika kila siku 180, wala hairuhusu kazi ya au pair. Siku ya 91 yule binti hana karatasi, na asiye na karatasi hana pa kwenda kushtaki. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na mambo mengi ya namna hiyo huanza kwa ahadi tamu kama hii. Wazazi wa Malindi wana sababu za kuogopa, sitawaambia wasiogope.

Na nchi nyingine?

Marekani ina mpango wake, kwa viza ya J-1, wa vijana wa miaka 18 hadi 26 wanaojua Kiingereza, na lazima upitie shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko. Saa ni nyingi zaidi, hadi 45 kwa wiki. Sisi walimu tunauonea wivu kwa jambo moja: shirika linatakiwa kumpa kijana angalau saa 32 za mafunzo, 8 za usalama wa mtoto na 24 za makuzi yake, na wa kulea mtoto wa chini ya miaka miwili awe na saa 200 za uzoefu. Ujerumani haidai mafunzo ya aina hiyo, ndiyo maana pengo hilo linaangukia kwetu. Uholanzi lazima upitie wakala anayetambuliwa na idara yao ya uhamiaji. Uingereza haina viza ya au pair. Norway iliufunga mpango wake mwaka 2024 kwa watu wanaotoka nje ya Ulaya.

Baridi ataiweza?

Koti hununuliwa. Linalowashinda wengi ni giza. Desemba jua huzama mnamo saa kumi jioni ya kwetu, na kwa mtu ambaye maisha yake yote limezama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, mwili hukataa. Atoke nje kila mchana hata kwa nusu saa. Ajiunge na darasa la lugha wiki ya kwanza, asingoje azoee. Na nyinyi nyumbani msimpigie simu ya video kila usiku mkilia. Mara mbili kwa wiki, mkicheka, inatosha.

Mambo yakiharibika afanye nini?

Kwanza azungumze na familia, akiwa na daftari lenye saa alizofanya kila siku. Daftari hilo tunalianzisha hapa hapa darasani. Likishindikana, amwarifu wakala kama yupo, na atoe taarifa ya kuondoka kama mkataba unavyosema, kwa kawaida wiki mbili. Anaweza kuhamia familia nyingine baada ya kuiarifu ofisi ya wageni ya mji huo, lakini muda wote kwa jumla hauzidi mwaka mmoja. Kama ameguswa vibaya, ametishwa au amepigwa, hakuna cha wiki mbili. Aondoke, apige 110. Kuna pia namba ya bure ya wanawake waliofanyiwa ukatili, 116 016, usiku na mchana. Ubalozi wa Kenya uko Berlin. Namba hizi awe nazo kwenye karatasi pia, si kwenye simu tu.

Baada ya mwaka anarudi na nini?

Na lugha, akiitafuta. Wapo wanaoendelea na mwaka wa huduma ya kujitolea, na wapo wanaoomba mafunzo ya kazi, ya uuguzi hasa, ambayo kwa kawaida huhitaji Kijerumani cha B1 au B2. Kila hatua ina masharti yake. Asiahidiwe kwamba au pair ni mlango wa kubaki. Ofisa wa ubalozi atamuuliza mipango yake, kwa nini familia hii, watoto wanaitwa nani, na jibu la kukariri hulitambua upesi.

Tuanze na karatasi gani?

Pasipoti, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kuwa ndiyo huchelewa. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi ya polisi, ada yake ni shilingi 1,050, na alama za vidole lazima uende mwenyewe. Halafu weka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule mezani pamoja, usome jina herufi kwa herufi. Hapa Pwani mtoto huandikwa Fatma hospitalini, Fatuma shuleni na Fatima kwenye kitambulisho, baba ni Mohamed hapa na Muhammad pale, na ukoo wakati mwingine haupo kabisa. Kwetu wote tunajua ni mtu mmoja. Ofisa wa viza haoni hivyo, na kusahihisha jina huchukua muda kuliko kujifunza A1. Leteni karatasi hizo siku ya kwanza mnapokuja darasani, kabla ya kununua kitabu.